Maharage Niliyompelekea Mama Mkwe

Mtu akija kunisifia ujanja wake wa kutunza chakula kisiharibike, simpongezi. Namwuliza kwanza kama yeye mwenyewe amekila, na tangu alipokila zimepita siku ngapi. Watu hunicheka, wanasema uzee umenitia mashaka. Wacheke tu. Zamani hizo hapa Kasongo hakukuwa na mjanja kunishinda, na ujanja wangu ulitiwa kapuni, ukafunikwa kwa majani ya mgomba, ukapelekwa kwa mama mkwe wangu upande wa Lusangi.

Wabelgiji walikuwa bado wanatawala, na kila mwanaume mwenye nguvu vijijini alilazimishwa kulima pamba. Mimi sikulima. Nilikuwa nimesoma miaka minne kwa mapadri, najua kuandika na kusoma mizani, kwa hiyo nikapata kazi kwenye ghala la pamba. Nilivaa kaptura ya kaki, nikanunua baiskeli, nikaanza kutembea nimeinua kidevu. Nawaambia hivyo ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani.

Kabla ya kugawa mbegu kwa wakulima, tulizichanganya na unga wa kijivu uliokuja ndani ya madebe, ili zisiliwe na wadudu wala kuota ukungu ardhini. Kwenye kila debe palichorwa fuvu la kichwa na mifupa miwili. Wenzangu ghalani walisema ni mchoro wa kutishia wezi, kwa kuwa wazungu walikuwa na tabia ya kuuchora mahali pengi. Mimi niliona pia neno la Kifaransa chini ya fuvu, nikalisoma barabara: sumu. Wala sikushtuka. Nilijiambia ni sumu ya wadudu, na nyumbani kwangu wadudu walikuwa wamejaa.

Fukusi walikuwa wananila mimi na mke wangu. Tunavuna maharage mazuri, tunayaanika, tunayaweka kapuni, baada ya miezi miwili ukishika punje moja inabaki ganda na vumbi. Mke wangu alitaka tufuate njia ya mama yake. Huyo mama alikuwa mfinyanzi, vyungu vyake vilijulikana mpaka Kabambare, na maharage yake aliyatunza ndani ya chungu: tabaka la maharage, tabaka la majivu yaliyochekechwa, tena maharage, tena majivu, mpaka juu. Kisha anafunika, anaziba mdomo kwa udongo, na chungu kinakaa kwenye uchaga juu ya meko ambapo moshi haukosi. Kila baada ya mavuno alitutumia chungu kimoja.

Nami kila kikifika nilimtania mke wangu. "Mama yako ametuma tena jiko lake tulile?" Mke wangu alicheka mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu hakucheka.

Lazima niseme jambo kuhusu mimi na mama mkwe wangu, la sivyo hamtaelewa yaliyofuata. Miaka minne nilikuwa nimemwoa binti yake na sijawahi kumwona usoni. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mkwe wa kiume na mama wa mkewe walioneana haya. Nikienda kwao, nilikohoa tangu njiani ili apate kujificha. Nilikaa barazani kwa kaka yake, yaani mjomba wa mke wangu, na mama mkwe alibaki jikoni nyuma ya nyumba. Akitaka kunisalimu, alimwambia mjomba, mjomba akaniambia mimi, ingawa sauti yake nilikuwa nimeshaisikia. Jikoni kwake sikuweza kuingia hata nyumba ikiungua. Nilimjua kwa sauti, kwa vyungu, na kwa kisigino kimoja nilichokiona siku moja kikikimbilia nyuma ya ukuta.

Basi nikachukua unga. Sikuchukua mwingi, kopo la samaki wa makopo lilitosha. Nyumbani nilichanganya na makapu mawili ya maharage mke wangu akiwa kisimani. Aliporudi akaniuliza ni nini kile cha kijivu.

"Ni dawa ya ghalani," nikamwambia. "Utaona mwenyewe."

"Na siku ya kupika, tunafanya nini?"

"Yaoshe, basi. Fanya kama unavyofanya na yale ya mama yako."

Maneno hayo niliyasema kwa mdomo wangu mwenyewe, na nimeyakumbuka maisha yangu yote.

Unga ulifanya kazi. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, hakuna tundu hata moja. Nilikuwa nafungua kapu mbele ya wageni kama mtu anayeonyesha nguo mpya, natia mkono mpaka kwenye kiwiko, natoa punje zinang'aa. Majirani wawili waliomba dawa, nikawapa kidogo kidogo ndani ya vibiriti. Sisi wenyewe tulikuwa na mchele na mihogo ya kutosha, kwa hiyo makapu yale hatukuyagusa, tuliyaweka kwa ajili ya miezi ya njaa. Lakini kukaa na sifa ya Kasongo peke yake hakukunitosha. Nilitaka mama mkwe aone. Nikamwambia mke wangu achukue kapu moja zima, apande lori la mfanyabiashara, ampelekee mama yake.

"Nimwambie nini?" aliuliza.

"Usimwambie kitu. Afungue tu."

Alikaa huko juma moja, akarudi amefurahi. Mama yake alikuwa amefungua kapu, akaona unga wa kijivu, akapiga kigelegele. Sikuuliza kwa nini kigelegele. Nilidhani ni kwa sababu ya punje zisizo na tundu. Nilijua tu kwamba nimeshinda.

Kuku wakaanza kufa kama mwezi mmoja baadaye. Mke wangu alikuwa na tabia ya kufagia chini ya makapu na kuwamwagia kuku punje zilizodondoka. Jogoo alikuwa wa kwanza. Alitembea upande, akapinda shingo, akawa anadonoa hewa. Wakafuata matetea wawili. Nikasema ni kideri, ule ugonjwa wa kuku, maana nacho hupinda shingo, na kila mwaka kinapita. Mke wangu akasema mbona kwa jirani hakuna kideri. Nikamwambia kitafika, asiwe na haraka.

Kwa jirani hakikufika. Na kwetu tetea mmoja hakuumwa hata kidogo, yule aliyekuwa analalia mayai ndani ya nyumba, aliyelishwa mihogo pembeni ya wenzake. Nilimwangalia asubuhi moja akinywa maji, shingo imenyooka, macho safi. Kisha nikaangalia lile kapu. 

Nilikwenda dispensari kabla ya kwenda kazini, jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Mganga wa pale alikuwa Mkongomani mwenzetu, mtu wa maneno machache, tuliyesoma naye. Nikamweleza habari za kuku kana kwamba ni habari ya mtu mwingine. Alinisikiliza huku akichemsha sindano zake. Nilipotaja unga wa ghalani aliacha koleo likaanguka.

"Kuna mutu anaisha kula?" akauliza.

"Hapana. Kuku tu."

"Sikia. Ile dawa haiue mutu siku moja. Ingeua siku moja, wote wangeogopa. Inaingia kidogo kidogo. Kwanza mikono inatetemeka, kisha macho, kisha akili. Kuosha haisaidie, inaisha kuingia ndani ya punje. Na hapa mimi siko na dawa yake. Hata kule Kindu sijui kama iko." Akaniangalia. "Kweli hakuna mutu?"

Nikamwambia yupo. Nikamwambia ni nani. Yeye, mtu asiyecheka wala kushangaa ovyo, aliweka mikono kichwani.

Sikwenda kazini. Nilirudi nyumbani, nikamwambia mke wangu kila kitu kwa pumzi moja, nimesimama mlangoni. Hakupiga kelele. Alisema, "Mama anayala tangu mwezi uliopita," kisha akafunga kitenge kiunoni akaenda kwa majirani kukusanya vile vibiriti. Mmoja alirudisha, akashukuru. Wa pili alikana kabisa kwamba alipewa, maana alidhani tunataka kumnyang'anya bahati. Mimi nilikuwa nimeshapanda baiskeli.

Kutoka Kasongo mpaka kwao ilikuwa safari ya kutwa kwa mtu mwenye akili zake. Mimi nilikwenda kama kichaa. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha udongo, matope mekundu yanakaba magurudumu, kila baada ya kilima nashuka nakwangua kwa kijiti. Watengenezaji wa barabara waliinua majembe kunisalimu, sikuwajibu. Kwenye daraja la magogo nilianguka, nikachubuka goti, nikainuka.

Wala si mwili uliokuwa unaniumiza. Nilikuwa napanga maneno. Kila neno nililolipanga liliishia pabaya. Nikisema kapu lina sumu, watauliza nani aliliweka. Nitasema ni mimi. Watauliza kwa nini mkwe anamtumia mama mkwe wake sumu iliyofichwa ndani ya zawadi. Nani angesikiliza habari za fukusi? Kwetu neno sumu lilikuwa na maana moja, na mtu aliyelibeba aliitwa mlozi, yaani mchawi, mpaka kaburini. Wangemrudisha mke wangu kwao. Watoto ambao hatujawapata wasingezaliwa. Na upande wa pili, kama habari ingefika ghalani, ningefungwa kwa kuiba mali ya pamba. Nasema ukweli: kuna kilima kimoja ambapo nilisimama nikiwa nimeshika baiskeli, nikafikiria kurudi. Nilijiambia labda anakula kidogo. Labda amepanda yote. Nilisimama pale muda wa kuvuta sigara moja, na ule muda naujutia kuliko unga wenyewe.

Nilifika alasiri, moshi wa majiko umeanza kupanda. Nikakohoa njiani kama desturi, hata katika hali ile, koo lenyewe lilikohoa. Nikasikia miguu ikikimbia nyuma ya nyumba. Mjomba alitoka barazani, mzee mnene wa kicheko kikubwa, akanipokea kwa mikono miwili.

"Mukwe! Unakuja bila habari! Karibu, karibu kiti. Hii matope yote iko nini?"

Nikakaa.  Nikasalimu, nikaulizwa habari za mke, nikajibu, nikaulizwa habari za ghala, nikajibu. Huwezi kuruka salamu za wakwe. Kila salamu ilikuwa msumari.

"Mama mukwe hajambo?" nikauliza mwishowe. Ilikuwa ni kukosa adabu kuuliza mapema hivyo, na mjomba aliinua nyusi.

"Hajambo. Uzee kidogo tu. Mikono inamusumbua, anaangusha angusha vitu. Juzi anavunja chungu ingali mubichi, analia kama mutoto." Akacheka. "Anaisha kusikia kengele ya kinga yako, anapika. Utakula vizuri leo."

Kinga ndiyo baiskeli. Nilimshika mkono. "Mujomba, anapika nini?"

"Wali. Na yale maharage yako, inachemka tangu muchana! Atapika nini ingine?"

Nilimwambia sina njaa. Akakunja uso. Nilimwambia tumbo linaniuma. Akasema chakula cha mama mkwe hakikataliwi kwa sababu ya tumbo, na kama nimekuja kuvunja ukwe niseme wazi. Basi nikamwambia, "Tafadhali mwambie yale maharage yalikuwa ya kupanda. Yasiliwe."

Mjomba akageuza kichwa, akapaza sauti kuelekea jikoni kana kwamba mimi si msikilizaji. "Dada! Mukwe anasema ile maharage ni ya kupanda!"

Na sauti yake ikajibu kutoka nyuma ya nyumba, nyororo, ya mtu anayetabasamu. "Mwambie mukwe wangu nilipanda kidogo, ingine minakula. Iko tamu. Na mwambie minashukuru sana kwa majivu. Minashukuru kuliko maharage. Sikutupa hata kidogo, minaiweka ndani ya kichungu. Kila siku ninatia kidogo ndani ya sufuria, inalainisha."

Majivu. Kwetu, mwanamke akipika maharage hutia majivu kidogo kwenye maji yake, au ile chumvi inayochujwa kutoka majivu, yapate kuiva upesi na kuwa laini. Maharage yaliyotunzwa kwa majivu hayaoshwi sana kwa sababu hiyohiyo, yale mabaki yanatakiwa. Na mama huyu alikuwa amefungua kapu la mkwe wake msomi, mkwe aliyejulikana kwa kuyadharau majivu yake, akaona unga wa kijivu. Akaelewa kwamba nimejirudi. Akapiga kigelegele. Kisha akaukung'uta unga wangu ule kwa uangalifu, akauhifadhi, na mwezi mzima akawa anautia kwenye chakula chake kwa vidole vyake.

 Mke wa jirani alileta sinia, akaliweka kati yetu: wali mweupe, bakuli la maharage linafuka moshi, mekundu, mazito, yanapendeza. Mjomba akanawa mikono. Desturi yetu ni kwamba mwenyeji anaonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna baya ndani ya chakula. Alimega tonge, akalichovya, akaniangalia kwa kicheko chake.

"Angalia, mukwe. Hakuna sumu."

Nilimpiga mkono. Tonge liliruka mpaka ukutani. Kabla hajasema neno nilikuwa nimeshasimama, nimezunguka nyumba, nimeinama, nimeingia jikoni kwa mama mkwe wangu.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda na bakuli lake magotini. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, uso mwembamba, macho ya mke wangu kabisa. Miaka minne tulikuwa tumeogopa kuonana, na sasa tulikuwa tunatazamana kwa hatua mbili. Hakuwa na kitambaa cha kujifunikia. Tonge lilikuwa njiani kwenda mdomoni, na mkono uliolibeba ulikuwa unatetemeka hivi kwamba mchuzi ulidondoka kwenye kitenge, tone baada ya tone. Nililitwaa tonge mkononi mwake. Nikashika vidole vya mama wa mke wangu. Nikatupa bakuli nje, nikapiga teke sufuria likazima moto, nikauliza kiko wapi kichungu cha majivu.  Alikuwa amefunika uso kwa mikono yake miwili, na mikono inatetemeka juu ya uso.

Mjomba alikuwa ameshafika mlangoni na watu nyuma yake. "Mutu huyu anakuwa wazimu! Anaingia kwa mama mukwe! Anamushika!"

"Ni sumu," nikasema. "Si majivu. Ni sumu ya mbegu za pamba. Niliiweka mimi, nilitaka kuua fukusi, sikujua. Nilijua. Nilisoma kwenye debe nikajiona mjanja. Ni mimi."

Kelele zilizoinuka sitazieleza. Neno lile nililokuwa nikiliogopa njia nzima, mlozi, lilisemwa, na wanaume wawili walinishika mikono. Mjomba alikuwa analia kwa hasira. Aliuliza ni nani aliyenituma, na dada yake alinikosea nini.

Ndipo mama mkwe aliposhusha mikono. Aliniangalia moja kwa moja, mimi, si mjomba, na akasema nami bila mtu wa kati kwa mara ya kwanza.

"Ile haiko majivu?"

"Hapana, mama."

"Miye nilifikiri umejifunza kwangu."

 Nilianza kulia mbele ya watu wote, mwanaume mzima wa kaptura ya kaki.

Yeye ndiye aliyeniokoa. Wanaume walitaka kunifunga kamba kunipeleka kwa chifu, naye akawaambia kupitia kaka yake, maana haya yalikuwa yamemrudia na uso ameshafunika, kwamba mlozi haji kwa baiskeli kumwaga sumu yake mwenyewe. Aliwaambia waniache. Kisha akaonyesha kichungu kilipokuwa, juu ya uchaga, pamoja na vyungu vyake vya majivu ya kweli, vimezibwa vizuri kama siku zote. Tulichimba shimo refu mbali na kisima tukafukia maharage, kichungu, sufuria na bakuli. Yale aliyoyapanda tuliyang'oa. Mjomba alidai mbuzi wawili, mmoja kwa kuingia jikoni, mmoja kwa kumshika mkono, na akasisitiza kwamba kwa ile sumu hakuna mbuzi anayetosha. Nililipa. Ghalani nilisimamishwa kazi kwa kutoroka siku tatu, na hapo ndipo nilipofunga mdomo wangu, unga sikuutaja. Hilo nalo si la kujivunia, kwa sababu makopo yaliendelea kutoka ghalani katika mifuko ya watu wengine. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiwasihi. Yule jirani aliyekana kibiriti alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nina wivu.

Mama mkwe hakufa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kifo chake kila siku kwa miezi, kila lori likitoka upande wa Lusangi natoka kuuliza habari. Macho yake yalisalimika, na akili yake haikuguswa. Mikono ndiyo haikurudi. Mwanzoni mke wangu alileta habari kwamba inaendelea vizuri, kisha akaacha kuleta habari. Mfinyanzi anaweza kukanda udongo kwa mikono inayotetemeka, anaweza hata kuinua ukuta wa chungu polepole. Mdomo wa chungu hawezi kuumaliza. Pale unahitaji vidole vitulie wakati chungu kinazungushwa. Wanawake waliokuwa wakija kutoka Kabambare kununua vyungu vyake wakaanza kupita bila kusimama.

Sikwenda huko kwa muda mrefu. Mke wangu hakuniuliza kwa nini. Alizaa mtoto wetu wa kwanza, wa pili, tukaishi vizuri, lakini habari za chakula hakuzifanyia utani, na mimi sikuthubutu tena kumtania. Nyumbani tulirudi kwenye majivu. Niliyachekecha mwenyewe.

Baada ya mavuno ya mwaka wa tatu, lori lilileta kifurushi kutoka kwao, kimefungwa kwa majani ya mgomba. Ndani kulikuwa na chungu kidogo. Mke wangu alikivunjia udongo wa juu mbele yangu. Tabaka la majivu, tabaka la maharage, tabaka la majivu. Aliyeleta alikuwa na ujumbe, akanipa mimi wakati mke wangu amesimama palepale, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa.

"Mama anasema: mwambie mukwe, hii iko majivu."

Mke wangu alitaka kuyaosha mara mbili. Nikamwambia aoshe mara moja tu, na atie majivu kidogo kwenye maji kama mama yake anavyofanya. Nilikula mpaka nikaona chini ya bakuli. Kile chungu bado ninacho, tunawekea mbegu. Mdomo wake umepinda upande mmoja, na kifuniko chake mpaka leo hakikai sawa.